Kadhi si kazi: maneno mafupi ya dh, th na gh

Neno kadhi lina herufi tano. Ondoa dh, weka z mahali pake, na hakimu anayehukumu kwa sheria ya Kiislamu amekuwa kazi. Mahakama ya Kadhi, ambayo Waislamu wa nchi hii wameizungumzia kwa miaka mingi, imegeuka mahakama ya kazi, ile inayosikiliza migogoro ya waajiri na waajiriwa. Kosa la namna hii ni baya kwa sababu halionekani. Lau neno lililotokea lingekuwa halina maana, msomaji angeshtuka na kuuliza. Lakini kazi ni neno, na mahakama ya kazi ipo, basi msomaji anapita bila kusimama.

Katika kamati ya msikiti wetu hapa Kibakwe tunapokea karatasi za kila namna: matangazo ya kusomwa baada ya sala ya Ijumaa, barua za maombi, orodha za wachangiaji, mihtasari ya vikao vya ukoo. Kwa kuwa sisi ndio tunaozisoma mbele ya watu, tumezoea kuzipitia kwanza, kalamu ikiwa mkononi. Jozi tatu za herufi ndizo zinazomaliza wino wetu: dh, th na gh. Watoto, na watu wazima pia, huziandika kama wanavyozisikia nyumbani, na nyumbani huzisikia kuwa z, s na g.

Tuanze na dh, kwani ndiyo yenye maneno mengi mafupi ya kila siku. Dhana ni wazo alilonalo mtu juu ya jambo. Zana ni chombo cha kufanyia kazi, kama jembe au nyundo. Ladha ni ule utamu au uchungu unaohisiwa na ulimi. Laza ni kumweka mtoto kitandani apate usingizi. Dhuru ni kutia hasara au maumivu. Zuru ni kwenda kumtazama mtu au mahali. Jozi hii ya mwisho imewahi kututia kicheko na hofu kwa pamoja. Vijana walipanga kwenda kuwaangalia wagonjwa, na aliyepewa jukumu la kuandika tangazo, kwa kutaka liwe na Kiswahili cha heshima, akaandika kwamba baada ya sala ya Alasiri vijana wote wakutane ili kwenda kuwadhuru wagonjwa. Tangazo lilikuwa limekwisha kubandikwa mlangoni lilipoonekana.

Kwa th mambo ni yale yale. Thamani ni kima cha kitu. Samani ni meza, viti na makabati. Thawabu ni malipo mema yanayotarajiwa kwa Mwenyezi Mungu; sawabu ni jambo lililo sahihi, na mtu anaweza kutenda lililo sawabu kwa nia ya kuonekana tu, asipate thawabu yoyote. Kisha kuna athiri na adhiri, ambazo hutenganishwa na th na dh zenyewe. Kumwathiri mtoto ni kuacha alama katika maisha yake, kwa wema au kwa ubaya. Kumwadhiri ni kumtia aibu mbele za watu. Mzazi anayemwandikia mwalimu kwamba adhabu fulani imemwathiri mwanawe amesema jambo moja, na anayeandika kwamba imemwadhiri amesema jingine, tena zito zaidi.

Jozi hizi zimetoka wapi? Maneno ya Kiswahili sanifu yenye asili ya Kibantu hayana dh wala th. Tazama mtu, maji, moto, nyumba, mlima, ng'ombe: huzioni. Karibu kila neno lenye dh limeingia kutoka Kiarabu, na mengi ya th pia, ukiacha machache ya juzijuzi kama themometa. Kiarabu kina herufi tatu ambazo kwetu zote zimekuwa dh. Ya kwanza ni dhal, na humo mmetoka dhahabu, dhambi, dhati, dhima, idhini, udhuru, adhabu na adhana. Ya pili ni dhad, herufi ambayo Waarabu wenyewe huinasibisha lugha yao nayo, wakiiita lugha ya dhad. Humo mmetoka dhiki, dhaifu, dhamana, ardhi, maradhi, radhi, udhu na huyo kadhi tuliyeanza naye. Ya tatu ni dha, iliyotupa dhana, dhahiri, dhuluma, hadhi, hifadhi, nidhamu na adhuhuri. Fedha nayo ni ya dhad. Kwa asili ni yale madini meupe, na sarafu zilipofuliwa kwa madini hayo jina likahamia kwenye pesa, hata leo neno moja linabeba maana zote mbili.

Wazee wa pwani walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, msomaji aliweza kuona kwa macho kwamba dhiki na dhahabu hazianzi kwa herufi moja. Herufi za Kilatini ziliposhika nafasi, tofauti hiyo ilifutika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia maandishi ya vitabu vya shule. Herufi tatu zikatoshelezwa na jozi moja. Hatuoni kwamba kulikuwa na hasara kubwa, maana ulimi wa Mswahili wa kawaida haukuwa ukizitenga herufi hizo, na tahajia yenye alama tatu ingewaelemea watoto bila faida.

Njia bora ya kukumbuka mahali pa dh ni kulijua neno kwa ukoo wake. Dhuru, madhara na dharura ni ndugu. Mtu anayesema haidhuru anapoombwa msamaha anasema kwamba jambo hilo halikumletea madhara, ingawa pengine hajawahi kulifikiri hivyo. Radhi, ridhaa, ridhika na maridhiano ni nyumba moja. Dhuluma, dhalimu na mdhulumiwa hivyo hivyo. Na hifadhi, kuhifadhi Qur'ani, na hata wale wanasiasa wanaoitwa wahafidhina, wote wamezaliwa na mzizi wa kutunza. Mtoto akishakamata neno moja katika ukoo, mengine yanafuata bila kukaririshwa.

Sasa tuseme kwa nini ndimi za huku kwetu hupata shida. Lugha za nyumbani, Kigogo na Kihehe, hazina dh wala th. Mtoto anayezaliwa katika vilima hivi vya wilaya ya Mpwapwa husikia sauti hizo kwa mara ya kwanza madrasa au shuleni, ulimi ukiwa umekwisha kupata mazoea yake. Tena maneno yenyewe yalikuja bara kwa miguu. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, na Kiswahili kikapokewa kwa sikio, mdomo kwa mdomo, kambi hadi kambi. Neno lililotoka pwani likiwa fedha lilifika mbali likiwa feza. Hata leo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki ya Kongo, feza ndilo neno la kawaida la pesa na Ramazani ndilo jina la kawaida la mtu, na hakuna anayemcheka mwenziwe kwa hilo.

Huku kwetu watu huchekana. Tumeshuhudia mtoto mwenye sauti nzuri akikataa kuadhini kwa sababu wenzake humwigiza anavyotamka, na tumeshuhudia mama aliyeacha kuuliza maswali darasani kwa sababu hiyo hiyo. Msimamo wetu ni kwamba ulimi una udhuru na kalamu haina. Mzee anayesema zambi amekwisha kueleweka, na kumsahihisha mbele ya wajukuu zake ni kumwadhiri. Lakini anayeandika ana muda wa kufikiri, ana nafasi ya kuuliza, na anaweza kufungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1981.

Usomaji wa Qur'ani una kanuni zake, na huko herufi tatu hubaki tatu. Mwalimu wa madrasa hana ruhusa ya kuzichanganya kwa kisingizio kwamba Kiswahili kimezichanganya. Lakini hata huko wanazuoni wametazama uwezo wa mtu. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijria, sawa na 1373, anapoifasiri Suratul Fatiha, ambayo neno lake la mwisho lina dhad, anataja kwamba kauli iliyo sahihi ni kusamehewa anayeshindwa kuitenga dhad na dha, kwa kuwa mahali pa kutokea herufi hizo ni karibu karibu. Ikiwa ndani ya sala mna nafasi hiyo kwa asiyeweza, basi sokoni na darasani tunamchekea nini?

Kuna kosa jingine ambalo, kwa maoni yetu, ni gumu zaidi kulitibu, nalo ni la wale wanaotia dh kila mahali ili waonekane wamesoma. Hawa huandika dhawadi, dhamani na midhani, ilhali zawadi, zamani na mizani ni za z tangu asili yake. Kosa lao lililoenea kuliko yote ni ridhiki. Riziki ni ya z. Imetokana na neno la kuruzukiwa, wala haina undugu na kuridhika, ijapokuwa mwenye kuridhika na riziki yake amepata mambo mawili kwa pamoja. Zaka nayo ni ya z. Mfano mzuri wa kufundishia watoto ni azimio na maadhimisho. Azimio ni uamuzi uliokatwa kwa nia thabiti, limetokana na azma, na ndiyo maana tunaandika Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa z. Maadhimisho yametokana na neno adhimu, lenye maana ya tukufu, na hiyo ni dh. Mtu anaweza kuwa na maadhimisho ya azimio, na hapo atahitaji zote mbili katika mstari mmoja.

Kuhusu gh tutasema machache, kwa kuwa mara nyingi anayekosea huharibu tahajia tu, maana haibadiliki. Ghali, ghala, ghafla, ghasia, ghushi na gharama huandikwa gali, gala, gafla na kadhalika, na msomaji huelewa. Neno lugha lenyewe lina gh, na si wachache wanaoandika luga wakiwa wanatetea lugha. Jambo la kufurahisha ni kwamba sauti hii haikuletwa na Kiarabu peke yake: jirani zetu Wanyaturu wa Singida wanayo katika majina yao, kama Mghwira, na Wataita wa Kenya vilevile. Ama kh, tahajia ya leo imeiacha katika maneno mengi, khabari ikawa habari, na imebaki zaidi katika majina ya watu. Majina tutayarudia.

Kwanza tuwageukie wazazi ambao watoto wao wanaingia kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyeijua dh na th ya Kiswahili amekwisha kuvuka kikwazo kimoja, kwani Kiingereza kina sauti hizo mbili, ila kinaziandika zote kwa th. Hapo Kiswahili kimewazidi Waingereza kwa uwazi. Zamani wao pia walikuwa na herufi pekee kwa ajili ya sauti hizi, zikiitwa thorn na eth. Zikapotea katika maandishi yao, na leo zote mbili zimesalia katika Kiiceland. Mwanafunzi asiyeambiwa hili hubahatisha.

Kuna kanuni moja inayosaidia, ingawa haimalizi kila kitu. Maneno mafupi ya kuonyesha na kuunganisha yanayoanza kwa th hutamkwa kwa dh yetu: the, linalotangulia nomino iliyokwisha kujulikana, this, yaani hiki, that, kile, they, wao, them, nao hao wakiwa wametendwa, then, kisha. Maneno ya vitu, sifa, hesabu na vitendo hutamkwa kwa th yetu: thin ni -embamba, thick ni -nene, three ni tatu, think ni kufikiri, thank ni kushukuru. Ukiweka s mahali pa th hiyo, balaa la kadhi na kazi linarudi. Think, kufikiri, inakuwa sink, kuzama. Thick inakuwa sick, mgonjwa. Mouth, mdomo, inakuwa mouse, panya. Path, njia, inakuwa pass, kupita au kufaulu. Faith, yaani imani, inakuwa face, yaani uso. Na thin, wembamba usio na hatia yoyote, inakuwa sin, ambayo maana yake ni dhambi.

Zoezi lenyewe halihitaji ada. Mtoto aweke ncha ya ulimi kati ya meno ya juu na ya chini, atoe pumzi taratibu. Hiyo ni th. Aweke kidole kooni, arudie huku akitoa sauti mpaka koo litetemeke. Hiyo ni dh. Kwa gh asogeze ulimi nyuma, kama anayesukutua koo kwa maji. Afanye hivyo mbele ya kioo au mbele ya mama yake, kwa maneno machache: udhu, radhi, ladha, hadhi, kisha thabiti, methali, hadithi, kisha lugha. Dakika chache baada ya Isha zinatosha. Aliye na dada mkubwa anayesoma madrasa hana haja ya mwalimu mwingine.

Mahali ambapo hatulegezi kamba ni karatasi za mirathi. Marehemu akiacha watoto, mjane wake anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Wajane wakiwa wawili au zaidi wanagawana hiyo hiyo. Asipoacha mtoto, mjane anapata robo. Wasia kwa asiyekuwa mrithi hauvuki theluthi, yaani sehemu moja ya tatu. Sasa, wazee wetu wanaijua sumni: ilikuwa senti hamsini, ile sarafu yenye picha ya sungura, na jina lake limetokana na neno lile lile la moja ya nane. Andika kwamba mjane apewe sumni, na mzee wa ukoo atauliza kama huyu mama anapewa sarafu ambayo haipo tena sokoni. Hapa tunaandika neno na tarakimu pamoja, thumni, 1/8, na tunawasihi makatibu wenzetu wa misikiti mingine wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa muhtasari wa kikao cha ukoo ndio unaokwenda Mahakama ya Mwanzo kufungulia shauri la mirathi, na anayeusoma huko hakuwapo kikaoni.

Karatasi hizo hizo ndizo zinazokwama kwa sababu ya majina. Mtu amezaliwa Ramadhani, shule ikamwandika Ramazani, kitambulisho cha taifa kikasoma Ramadhan, na hati ya kiwanja ina Ramadhani tena. Othman huwa Athumani na Usmani. Khadija huwa Hadija. Khamis huwa Hamisi. Hafidhi huwa Hafizi. Fadhili huwa Fazili. Akiwa hai, mwenye jina hujieleza mwenyewe, kwa usumbufu na gharama ya hati ya kiapo. Akishafariki, mjane na mayatima ndio wanaotakiwa kuthibitisha kwamba watu watatu walioandikwa katika karatasi tatu walikuwa mtu mmoja, tena katika siku za eda.

Kwa hiyo mzazi anapokabidhiwa cheti cha kuzaliwa, asome jina herufi kwa herufi kabla hajaondoka dirishani, na kama hasomi vizuri aende na anayesoma. Nakala ya cheti hicho ndiyo iandikishiwe shule, isiwe jina linalotamkwa tu mbele ya mwalimu. Na aliyekua akiitwa Ramazani, jina hilo likiwa katika vyeti vyake vyote, abaki nalo kama lilivyo, asianze kulitia dh akiwa na umri wa miaka arobaini.